Msilaumu wino, mwavuli ule niliuzamisha mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili niwaondolee mafundi wako wa mtambo lawama isiyo yao. Wiki mbili zilizopita mlichapa picha ya rangi za maji inayomwonyesha mwanamke akipita kando ya ua wa michongoma, ameshika mwavuli. Ilikuwa ukurasa wa ndani, kwa hiyo ilitoka nyeusi na nyeupe. Wiki iliyofuata wasomaji wawili wakaandika kulalamika kwamba picha ilikuwa tope tupu na mwavuli uliotajwa kwenye maelezo hauonekani. Mmoja akauliza kama gazeti limeishiwa wino. Nanyi, kwa unyenyekevu, mkaomba radhi kwa hitilafu ya uchapaji.

Hitilafu haikuwa ya uchapaji. Picha ile ni yangu, na wino wenu ulisema kweli. Aliyekosea ni mimi.

Nyumbani picha hiyo imetundikwa ukutani, na kila anayeingia husifu mwavuli kwanza. Ni mwekundu hasa, wekundu wa kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Ua nyuma yake ni kijani kibichi. Nilipofungua gazeti nilikasirika kama wasomaji wenu, nikamwita mjukuu wangu mwenye miaka tisa, nikampa ukurasa nikamwambia atafute mwavuli. Akaligeuza gazeti huku na huku, akalisogeza dirishani.

"Babu, huyu mama anampungia nani mkono?"

Hapo nikakaa chini. Mkono ulikuwepo, umeinuliwa kweli. Mwavuli wenyewe ulikuwa umeyeyuka ndani ya ua.

Lawama kwa fundi asiye na kosa si jambo jipya. Ufaransa, katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, wateja waliwahi kulalamika kwamba nyuzi nyeusi hazikuwa nyeusi vya kutosha. Mkuu wa idara ya kutia rangi alikuwa mkemia, Michel Eugène Chevreul. Aliichunguza rangi nyeusi akaikuta haina kasoro. Tatizo lilikuwa rangi jirani, buluu na zambarau, zilizofumwa kando yake, ambazo zililifanya jicho lione weusi uliopauka. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima kuhusu namna rangi zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja. Kwa hiyo mafundi wenu wana mwenzao wa zamani sana.

Sasa niseme kosa langu lilitoka wapi. Mimi kwa kazi nilikuwa mchora ramani, miaka 31 mezani na kalamu ya wino. Kwenye ramani rangi ni jina. Buluu ni maji, kijani ni msitu, kahawia ni mwinuko. Hakuna anayeuliza buluu ile ina giza kiasi gani, ilimradi haifanani na kijani. Nilipostaafu nikashika brashi na mazoea yaleyale: mwavuli ni nyekundu, ua ni kijani, majina mawili tofauti, basi wataonana vizuri. Sikujiuliza hata mara moja kama mwanga wao unatofautiana.

Na neno nalo lilinichezea. Nilipokuwa nachanganya nyekundu ile nilijiambia: ikoleze, mwavuli utoke. Nikaikoleza. Tunasema rangi imekolea kama tunavyosema chumvi imekolea, yaani imefika, imejaa. Lakini tunasema pia giza limekolea. Neno moja linabeba mambo mawili ambayo kwenye karatasi hayatembei pamoja: rangi kuwa kali, na rangi kuwa ya giza. Manjano inaweza kukolea mpaka iume macho na bado ikawa karibu sawa na karatasi tupu. Buluu ya Prussia ikikolea inakuwa karibu nyeusi, hata ubuluu wake huuoni mpaka uongeze maji.

Ajabu ni kwamba lugha yenyewe ilikwisha kutuonyesha njia. Hebu hesabu rangi zinazokubali kubadilika pamoja na nomino: -eupe, -eusi, -ekundu. Basi. Zilizobaki tumeazima kwenye vitu: kijani kwenye jani, kijivu kwenye majivu, kahawia kwenye kahawa, manjano kwenye ile mizizi ya manjano. Na mbili kati ya zile tatu si rangi hasa, ni nuru na giza. Ndiyo maana alfajiri tunasema kumekuwa kweupe ingawa hakuna kitu cheupe kilichotokea, na tunasimama peupe hata pakiwa na majani hadi magotini. Mimi nilikuwa na maneno hayo mdomoni tangu utotoni, nikashindwa kuyapeleka mkononi.

Mmarekani Albert Munsell, naye mchoraji na mwalimu, aliyatenganisha mambo haya mwaka 1905 alipochapisha mfumo wake. Kila rangi aliipa vipimo vitatu: ni rangi gani, ina mwanga kiasi gani, ni kali kiasi gani. Kipimo cha mwanga alikipanga kwa ngazi, 0 ikiwa nyeusi tupu na 10 nyeupe tupu. Katika mpangilio wake manjano inafikia ukali wake wote ikiwa karibu na ngazi ya 8. Buluu inayoelekea zambarau inaufikia chini kabisa, kwenye 3 au 4. Nyekundu ni 4 au 5. Na kijani? Kijani inacheza hapohapo, karibu na 5. Niliposoma hilo nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimechukua rangi mbili zinazoishi ghorofa moja, nikazipaka zote kwa nguvu zangu zote, nikategemea gazeti lisilo na rangi lizitofautishe.

Sikuamini kwa kusoma tu. Nilikata ukanda wa karatasi, nikapaka visanduku 11 kwa rangi nyeusi, kuanzia weusi mzito, nikiongeza maji kidogo kidogo, hadi karatasi tupu. Kila kisanduku nikakitoboa tundu katikati kwa kitoboleo cha ofisini. Ukanda huo unaulaza juu ya rangi unayotaka kuipima, unakunja macho mpaka kope zinakaribia kugusana, halafu unauvuta pole pole. Tundu linaonekana, linaonekana, kisha mahali fulani linapotea, kwa sababu kisanduku na rangi iliyo chini yake vina mwanga sawa. Hapo ndipo ngazi ya rangi yako. Ni chombo cha bure na kimenisaidia kuliko brashi zangu zote za manyoya.

Nikapanga tyubu zangu mezani, kila moja nikaichorea mstari: mwanzo rangi nzito karibu bila maji, mwisho jasho la rangi tu. Manjano ya limau, mstari mzima, haikushuka chini ya 8. Unaweza kuimaliza tyubu nzima mahali pamoja, utapata manjano nene, si manjano yenye giza. Serulea, ile buluu ya anga, nilidhani itafika mbali; niliipaka nzito kama dawa ya meno ikagoma kwenye 5. Kobalti, buluu nyingine, ikashuka hadi 4. Siena ya kuchomwa, ile kahawia yenye wekundu, hivyohivyo au chini kidogo. Ultramarini, buluu inayoelekea zambarau, ikafika 2, na buluu ya Prussia ikazama mpaka 1. Hizo ni hesabu za jicho langu na tyubu zangu, za mwingine zitatofautiana kidogo, lakini mpangilio hautageuka. Anayetaka bahari ya dhoruba kwa serulea atapaka hadi karatasi itoke manyoya.

(Buluu ya Prussia niliikumbatia kama ndugu. Ilipatikana Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, na ndiyo ileile iliyokuwa kwenye nakala za zamani za michoro ya majengo, zile karatasi za buluu zenye mistari myeupe, kwa njia aliyoibuni John Herschel mwaka 1842. Mistari ile ilisomeka hata kwenye mwanga hafifu wa ghalani kwa sababu moja tu: nyeupe iliyokaa juu ya ngazi ya chini kabisa. Nilizishika nakala hizo ujana wangu wote na somo lilikuwa limeandikwa juu yake.)

Kwa rangi za mafuta mtu hujitetea kwa kutia nyeupe au kupaka upya juu. Rangi za maji hazina huruma hiyo. Nyeupe yake ni karatasi. Mwanga hupita kwenye rangi, ukagonga karatasi, ukarudi kwenye jicho kwa kupita kwenye rangi ileile mara ya pili. Kila tabaka unaloongeza linazuia mwanga kwenda na kurudi. Giza unaweza kuliongeza kesho na keshokutwa, nuru ukishaipoteza umeipoteza, labda usugue kwa sponji uokoe kidogo, na buluu ya Prussia hata sponji haiijali. Ndiyo maana uchaguzi wa tyubu unafanyika kabla brashi haijalowa. Ukichukua rangi isiyoweza kushuka mahali panapotaka giza, hakuna ufundi wa mkono utakaokuokoa.

Ndoo ya manjano ilinifundisha hili kwa uchungu. Ni ndoo ya plastiki tu, niliiweka dirishani jua likiipiga upande mmoja. Upande wa jua ulinipa raha. Upande wa kivuli nikafanya kama kila anayeanza: nikachukua manjano, nikaitia nyeusi kidogo. Ikawa kijani. Wala si kijani cha jani, ni kijani cha maji ya bwawa. Nyeusi za masizi nyingi zina ubuluu ndani yake, na buluu ikikutana na manjano sote tunamjua mtoto wao. Nikajaribu zambarau, inayokabiliana na manjano upande wa pili wa duara la rangi. Manjano ikafa, ikawa kijivu, ndoo ikaonekana inaumwa. Karatasi ya tatu ndipo nikaacha kutafuta manjano yenye giza, kwa sababu haipo. Manjano ikishuka ngazi inapoteza jina: upande mmoja inaitwa kahawia, upande mwingine rangi ya zeituni. Nikaupaka upande wa kivuli kwa manjano ya udongo, na karibu na sakafu nikaongeza siena ya kuchomwa. Rangi ile ukiiweka peke yake kwenye karatasi nyingine hakuna atakayeiita manjano. Lakini pale ilipo, imeegemea upande wa jua, kila mtu anaona ndoo moja, ya manjano, yenye kivuli.

Najua kuna kijana anasoma barua hii akisema, mzee, mbona unahangaika na matundu, si upige picha kwa simu uondoe rangi? Nilipiga. Programu ya kwanza ikanionyesha ndoo ya manjano na kitambaa cha buluu kilichokuwa nyuma yake vyote kijivu kilekile, karibu sawa. Kwa dakika kumi niliamini kwamba ukanda wangu ni uongo. Kumbe baadhi ya programu hazipimi mwanga kama jicho linavyoupima. Picha ya simu imejengwa kwa taa tatu ndogo: nyekundu, kijani na buluu. Programu ile ilichukua tu katikati ya taa yenye nguvu zaidi na iliyo dhaifu zaidi, na kwa hesabu hiyo manjano safi na buluu safi ni sawasawa. Jicho halihesabu hivyo. Jicho hushtuka zaidi kwa mwanga wenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 555, pale kijani inapoelekea manjano, na buluu hulipa kidogo sana. Programu inayofanya kazi vizuri huipa kijani uzito wa asilimia 72 hivi, nyekundu 21, buluu 7 tu. Kwa hiyo kabla hujaiamini simu yako, paka manjano na buluu ya ultramarini kando kwa kando, piga picha, ondoa rangi. Zikitoka kijivu kimoja, tafuta programu nyingine.

Kukunja macho, lakini, hakuhitaji chaji.

Kuna hila nyingine ambayo ukanda wangu uliifichua, nayo ni ya maji yenyewe. Rangi mbichi si rangi kavu. Nilipima kivuli kikiwa bado kinang'aa maji nikapata 3, nikalala kwa amani. Asubuhi kilikuwa 5. Maji yanapojaa kati ya chembe za rangi na nyuzi za karatasi, mwanga huzama ndani. Yakikauka, hewa hukaa mahali pake, mwanga hutawanyika juu juu na rangi hupauka. Siku hizi kivuli kikiwa kibichi nakitaka kiwe cha kutisha kidogo. Mke wangu akinipita mezani hudhani nimeharibu kazi, nami simjibu, nangoja ikauke.

Na msipake rangi usiku chini ya balbu ya zamani yenye mwanga wa manjano. Balbu hiyo ina buluu kidogo mno, kwa hiyo buluu zote zinaonekana na giza kuliko zilivyo. Nilimaliza anga ya jioni chini ya balbu kama hiyo, nzito, ya kuvutia. Asubuhi ilikuwa anga ya saa nne.

Atatokea mtu aniambie wakubwa nao waliweka rangi mbili za ngazi moja pamoja wakasifiwa. Ni kweli. Claude Monet alichora jua la asubuhi juu ya bandari mwaka 1872, jua la machungwa katika ukungu wa kijivu na buluu, na ukiipiga picha ile bila rangi jua karibu linapotea, kwa sababu mwanga wake ni sawa na wa wingu lililolizunguka. Ni picha ya mafuta, lakini kanuni ni ileile. Jua lile linaonekana kama linatetemeka hasa kwa sababu hiyo: rangi inasema lipo, mwanga unasema halipo. Ukitaka kitu kitetemeke, fanya hivyo. Mimi nilikuwa nataka mwavuli wa kuzuia jua, nao haupaswi kutetemeka.

Basi nikaurudia. Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuinua mwavuli, yaani kuitia nyekundu maji mpaka ipande ngazi ya 7. Nilijaribu kwenye kipande cha karatasi, nikapata mwavuli wa waridi, mzuri kwa harusi, lakini si ule niliouona siku ile. Nyekundu haipandi ikabaki nyekundu, kama vile manjano haishuki. Ya pili ni kuushusha ua, na hapo rangi za maji zilikuwa upande wangu, kwa sababu giza linaongezeka juu ya lililokuwepo. Nikaitoa picha ukutani. Nikachanganya ultramarini na siena ya kuchomwa, buluu ikizidi kidogo, mchanganyiko ambao ukiwa mzito unakaribia nyeusi bila kufa kama nyeusi ya tyubu. Nikaupitisha juu ya kijani cha ua kuuzunguka mwavuli pande zote, kwa brashi iliyochongoka, nikishika pumzi kwenye kila ubavu. Siku iliyofuata tabaka la pili, chini ya mwavuli tu, ambako kivuli kingeanguka. Ua ukashuka hadi 2. Kwenye nyekundu sikugusa hata tone.

Mke wangu aliporudi akasimama mbele ya picha akauliza nyekundu mpya nimeipata wapi, na kwa nini sikuitumia tangu mwanzo. Nikamwambia ni ileile. Hakuniamini, akaja kuhesabu tyubu.

Naambatanisha picha hiyo baada ya matengenezo. Naomba, nafasi ikiruhusu, muichape ukurasa uleule wa ndani, nyeusi na nyeupe, na mafundi wasiiongezee mwanga kwenye kompyuta. Fotokopi yake nilimpa mjukuu wangu jana bila kumwambia kitu. Mwavuli aliuona mara moja. Sasa anataka kujua kwa nini huyo mama hakununua mweupe.

Wako,
Mchora ramani mstaafu, msomaji wenu wa siku nyingi